Nilipewa talaka kwenye karatasi ya daftari

Januari 2022, siku ya tatu baada ya malipo ya mnada wa korosho kuingia kwenye akaunti ya mume wangu, nilipewa talaka. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la hesabu la mwanangu. Nyuma yake kulikuwa na hesabu za kuzidisha ambazo mtoto hajazimaliza. Mashahidi wawili walitia saini. Mmoja wao nilikuwa nimempikia mchana ule ule.

Kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, mambo haya yana msimu. Korosho zikishapimwa na fedha zikishaingia, utaona mabati mapya, pikipiki mpya, harusi kila Jumamosi. Na talaka nazo hazichelewi. Siwasemi watu wangu vibaya, nimezaliwa kwenye uwanda huu na nitazikwa hapa hapa. Nasema nilichokiona tangu nikiwa mwali, na ambacho sikudhani kitafika mlangoni kwangu, kwa sababu tulikuwa tumeishi miaka 11, tuna watoto wawili, na shamba tulilofyeka wote.

Nikachukua watoto na mfuko wa nguo nikaenda kwa mama yangu upande wa Newala. Nikakaa eda, ule muda wa kusubiri wa mwanamke aliyeachwa. Ilipokwisha niliamini ndoa imekwisha, na kila kilichokuwa ndani yake kimekwisha. Mjomba wangu alikuja, akakaa barazani, akavua kofia.

"Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "umeshaachwa, tulia. Watoto ni wa ukoo wetu. Mali mwachie mwenyewe, Mungu atakupa nyingine."

Nilimtii. Mjomba kwa Wamakonde ni mtu mzito, na alisema kwa huruma. Lakini kwenye neno "mwachie" nililipa gharama kubwa, na sitaki dada mwingine ailipe.

Mwezi wa tatu nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kijiji tulichokuwa tukiishi. "Mama, kuna mtu analeta mteja wa kununua nyumba yenu. Ameniletea karatasi ya talaka kunionyesha kuwa hana mke. Mimi nataka karatasi ya mahakama. Bila hiyo, au bila wewe kuja kukubali, sigongi muhuri."

Nikamuuliza karatasi ya mahakama ndiyo ipi. Akanielekeza kwa mama mmoja wa kata yetu ambaye ni msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nilimkuta akimenya ming'oko. Aliifuta mikono, akaisoma ile karatasi ya daftari, akaigeuza akaona hesabu za mtoto, akanyamaza kidogo.

Alichonieleza siku ile ndicho ambacho ningependa kila mwanamke wa kusini akijue kabla hajaolewa. Kwa dini, talaka ilishatoka na eda nimeimaliza. Kwa sheria ya nchi, yaani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya watu walio hai iliyofungwa huku Tanzania Bara haivunjwi na karatasi ya mume, iwe ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila au ya serikali. Inavunjwa kwa amri ya mahakama. Na mahakamani huendi moja kwa moja. Kwanza mnapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati kwamba limeshindwa, na hiyo hati ndiyo mlango wa mahakama. Kwa ndoa ya Kiislamu kuna jambo la ziada: talaka ikitolewa baada ya baraza kuandika kwamba limeshindwa, mahakama huipokea kuwa ndoa imekufa kweli na hutoa amri yake. Yangu ilitangulia baraza.

Basi kwa shehe nimeachwa, kwa serikali bado ni mke wa mtu. Niliumia. Nilijiona kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba mbili kwa wakati mmoja. Yule mama akanishika goti. "Usilie, mwanangu. Hiyo hiyo ndiyo imeishika nyumba yako." Kifungu cha 59 cha sheria ile kinasema mume au mke asiuze wala asiweke rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Na yangu ilikuwa ipo. Kama ile karatasi ingekuwa na nguvu niliyodhani inayo, nyumba ingekuwa imeshauzwa.

Tukaenda kwenye baraza. Kila kata inatakiwa kuwa na baraza la usuluhishi, na jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na lao. Wanandoa wa jumuiya moja yenye baraza lake ndiko wanakopaswa kuanzia. Sisi tulikwenda kwa masheikh. Baraza linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Walitusikiliza mara mbili. Baba watoto alikuja na kaka yake, mimi nikaja na mjomba. Mara ya kwanza hatukutazamana. Mara ya pili alisema neno moja la kweli: "Nimechoka, na yeye amechoka." Sikubisha. Mwishoni mwa Aprili 2022 tukapewa hati. (Mwenzako akikataa kwa makusudi kuja barazani, au ametoweka hajulikani aliko, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani hata hivyo. Wengi wanakaa miaka wakimsubiri mtu aliyekimbilia Msumbiji.)

Hapo nikakosea. Nilisema moyoni: sina hela ya nauli wala ya kukaa mjini kwenye kesi, nisubiri msimu. Sisi maisha yetu yote ni kusubiri msimu. Ada nisubiri msimu, kuezeka nisubiri msimu, hata mgonjwa tunamwambia avumilie mpaka mnada. Nikaikunja hati, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, nikaenda kwenye vibarua vya kupalilia mashamba ya watu.

Novemba, nimepata fedha yangu ya kuokota korosho, nikapanda gari nikaenda mahakama ya mwanzo. Karani aliitazama tarehe, akahesabu kwa vidole. Hati ya baraza inayoambatana na maombi ya talaka isiwe na zaidi ya miezi 6 tangu itolewe. Yangu ilikuwa na miezi 6 na siku kumi na kitu. Kwenye benchi lile lile alikuwepo dada aliyetoka mbali kuliko mimi, amepewa barua tu na baraza la kata moja, barua nzuri yenye muhuri, inasema "hawa watu wameshindwana." Naye akarudishwa, kwa sababu barua siyo hati, mahakama inataka ile fomu yenyewe iliyojazwa matokeo ya usuluhishi. Tulirudi pamoja kwenye gari moja, kila mtu na karatasi yake isiyofaa.

Lakini kabla sijafika mahakamani mara ya pili, nina jambo zito zaidi la kusema, maana fedha na nyumba hupatikana na kupotea.

Katika ile miezi ya kusubiri, baba watoto hakuleta chochote. Nikapiga simu, hapokei. Nikamtuma mtoto. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 9. Nikampa maneno ya kwenda kusema, nikamfanya ayarudie mpaka ameyashika: mwambie baba, mama anasema hatuna daftari, hatuna sabuni, na deni la mahindi dukani limefika elfu 40. Nilimtuma mara tatu au nne. Mara ya mwisho ilikuwa Oktoba, siku ya kupima korosho kwenye chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Nilichagua siku hiyo makusudi, kwa sababu baba yake atakuwa mbele za watu na ataona aibu kukataa.

Aliyeona aibu ni mtoto. Alisimama karibu na mzani, katikati ya magunia na wanaume, akayasema yale maneno kwa sauti kama nilivyomfundisha. Watu wakacheka. Baba yake akamjibu, "Nenda kamwambie mama yako akaolewe." Mtoto akaja akaniambia na hilo, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimemzoesha kubeba maneno. Usiku alikojoa kitandani. Miaka 9. Akaendelea hivyo wiki tatu.

Nami nikalipiza. Nilituma neno kwamba hatawaona watoto mpaka alete matunzo. Alipokuja na pikipiki siku ya Ijumaa nikamfungia mlango. Binti yangu wa miaka 4 alikuwa ndani akiita, "Baba, baba," na mimi nimeshika komeo.

Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri nikitegemea atanisifu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, huyu mtoto umemfanya karani wenu. Na mlango ule hukumfungia mwanaume, umewafungia watoto." Akanieleza kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, matunzo ni haki ya mtoto na kumwona mzazi wa pili ni haki ya mtoto. Haki moja haikatwi ili kulipia nyingine. Baba asipotunza, kuna njia ya kumpeleka mahakamani kwa matunzo peke yake, hata kesi ya talaka haijaanza. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwezi wa kwanza. Mtoto hakuhitaji hata kidogo kusimama pale kwenye mzani.

Nililia ofisini kwake zaidi ya nilivyolia siku ya talaka. Nikarudi nyumbani nikamwita mwanangu, nikamwambia hutatumwa tena. Hakusema kitu. Aliuliza tu kama anaweza kwenda kucheza.

Masheikh walitusikiliza upya, tukapata hati nyingine Januari 2023. Februari nikafungua shauri. Sikusubiri msimu, nilikopa kwa dada yangu.

Kwenye mali, hofu yangu ilikuwa kwamba kila kitu kina jina lake. Mwanachama wa chama cha msingi ni yeye, stakabadhi za ghala ni zake, fedha za mnada zinaingia benki kwake. Mimi nina nini cha kuonyesha, zaidi ya viganja vyenye sugu? Yule mama msaidizi wa kisheria akanieleza kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mahakama ilisema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika kupata mali ya ndoa. "Bi Hawa mwenyewe rufani yake haikufanikiwa," aliniambia, kwa sababu hakutaka kunipa tumaini la uongo, "lakini msimamo ule umebaki, na wanawake wengi wameutumia." Akanitaka nikae chini niandike kazi zangu zote tangu 2011. Nilijaza kurasa nne. Sikujua kama nimefanya kazi kiasi kile.

Kumbe ushahidi nilikuwa nao. Kijana aliyetupulizia salfa, dawa ya mikorosho, misimu miwili nilimlipa mimi kwa simu, na ujumbe wa muamala ulikuwa bado upo. Miche iliyobebeshwa tuliyopanda kwenye shamba jipya niliilipia kwa fedha za mbaazi zangu, na aliyetuuzia alikubali kuja. Jirani wa shamba, bibi mtu mzima, alisimama akasema, "Huyu nimemwona akipalilia na mimba ya miezi minane." Alisema hivyo tu, akakaa.

Shamba la pili lilikuwa la urithi wa baba yake, mikorosho ya zamani. Nilidhani hilo halinihusu. Hakimu aliuliza nani alipogoa matawi, nani alijaza mapengo kwa miche mipya, uzaaji ulikuwaje kabla na ukawaje baadaye. Kifungu cha 114 kinahesabu pia mali ambayo mmoja alikuja nayo, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa jasho la wote wawili. Shamba lilibaki kwake, na mimi naona ni sawa, ni makaburi ya babu zake yaliyomo mle. Ila kazi yangu ilihesabiwa. Nilipata nusu ya shamba jipya na asilimia 40 ya thamani ya nyumba. Dada zangu wengine walisema nimepunjwa. Mimi nilikuwa tayari kuondoka na mfuko wa nguo.

Kuhusu watoto kulikuwa na kelele pande mbili. Mjomba alisema watoto wanafuata ukoo wa mama, ndivyo tulivyo. Wifi yangu akasema mtoto akifika miaka saba ni wa baba, na mvulana ameshapita saba, kwa hiyo arudishwe, na wa kike atafuata akifika. Maneno haya ya "saba" nimeyasikia maisha yangu yote, na watu huapa kwamba ndivyo sheria inavyosema. Sivyo. Sheria inasema ipo dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa sababu za msingi. Hakuna mahali inaposema akitimiza 7 anahama. Mila za jamii zinaangaliwa, matakwa ya wazazi yanaangaliwa, na mtoto anayeweza kujieleza anasikilizwa. Lakini ustawi wa mtoto ndio unatangulia yote.

Afisa ustawi alikuja nyumbani kwa mama, akaenda na kwa baba yao, akaandika taarifa. Hakimu alizungumza na mwanangu peke yake, sisi tukiwa nje. Sikumwuliza alisema nini. Kwenye hukumu kulikuwa na mstari mmoja tu: mtoto ameeleza kwamba anataka kukaa alipo mdogo wake. Nilipousikia ukisomwa nilimtazama baba yao, naye alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu tulikuwa tunafikiria kitu kimoja.

Wakabaki kwangu wote wawili. Baba anawachukua nusu ya likizo ya Juni na nusu ya Desemba, na siku yoyote ya wikiendi akitoa taarifa.

Matunzo nayo yalitaka akili ya hapa hapa kwetu. Mkulima wa korosho ukimwambia alete elfu 80 kila mwezi, ataleta Desemba, ataleta Januari, na kufika Mei hana kitu, siyo kwamba ni mkorofi. Nimewaona wanawake wanaorudi mahakamani kila mwaka kwa sababu ya amri za namna hiyo. Sisi tulikubaliana, na makubaliano yakaingizwa kwenye amri: malipo ya mnada yakishaingia anatoa kwa mkupuo fedha ya sare, michango ya shule na chakula cha miezi mitano, halafu miezi ya kiangazi analeta elfu 20 na gunia la muhogo mkavu. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza muhogo. Mwaka 2023 alichelewa wiki mbili. Mwaka uliofuata hakuchelewa. Anatuma kwa simu yangu, siyo kwa mkono wa mtoto.

Baada ya hukumu nilifuatilia mpaka talaka ikaandikishwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, nikapata cheti. Nakala ya hukumu ninayo, nimeitia kwenye plastiki ngumu. Ile karatasi ya daftari nayo ninayo. Mwanangu aliiona siku moja akaitambua kazi yake, akaniomba kalamu, akamalizia zile hesabu za nyuma.

Agosti 2025 binti yangu ametimiza miaka 7. Wiki ile ile wifi yangu alikuja na kanga mbili na maneno ya taratibu, kwamba sasa mtoto amefika, lini anahamia kwao. Nilikuwa najiandaa kuingia ndani kuchukua hukumu. Baba yao alikuwa amesimama kwenye pikipiki, amewaleta kutoka sokoni.

"Dada," alisema, "miaka saba haikuandikwa pale. Mtoto anakaa na kaka yake."

Akashusha gunia la muhogo, akaondoka.